Jinsi mafuta yalivyomrejesha choroa jangwani kisha yakamnyima makazi

MNAMO Juni 28, 2007, kamati ya UNESCO inayosimamia turathi za ulimwengu ilikuwa ikikutana katika jiji la Christchurch, New Zealand. Siku hiyo ilichukua hatua ambayo haikuwa imewahi kuchukuliwa tangu mkataba wa kulinda turathi hizo upitishwe mwaka 1972. Ilifuta kabisa jina la eneo moja kutoka kwa orodha yake.

Eneo hilo lilikuwa Hifadhi ya Choroa wa Arabuni, iliyoko katika uwanda wa jangwa wa Jiddat al-Harasis, katikati mwa Omani. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa imeipunguza hifadhi kwa asilimia 90, huku ikiwa na mipango ya kuruhusu utafutaji wa mafuta na gesi katika ardhi iliyoondolewa.

Uamuzi huo uliwashangaza wengi kwa kuwa Omani haikujulikana kama nchi inayopuuza mazingira. Mwaka 1989, UNESCO ilianzisha tuzo ya uhifadhi wa mazingira kwa ufadhili wa Sultan Qaboos bin Said, aliyekuwa mtawala wa nchi hiyo. Kiongozi huyohuyo ndiye aliyemrejesha choroa nyumbani baada ya mnyama huyo kutoweka porini.

Ilikuwaje basi nchi iliyotumia mali yake kumfufua mnyama ikaishia kuwa ya kwanza duniani kupoteza heshima hiyo? Swali hilo linawahusu pia wakazi wa Afrika Mashariki. Kenya ilikuwa na mkono katika kumwokoa choroa huyo, na sasa kanda hii nayo inakabiliwa na mtihani wa kuchimba mafuta karibu na makazi ya wanyamapori.

Mnyama anayeishi kwa umande

Choroa wa Arabuni ni wa jamaa moja na choroa wanaoonekana katika mbuga za Samburu na Meru, isipokuwa yeye ni mdogo kuliko hao na rangi yake ni nyeupe. Ana uzani wa takriban kilo 70, kwato pana zinazomwezesha kutembea mchangani, na pembe mbili ndefu zilizonyooka.

Mnyama huyu anaweza kukaa miezi mingi bila kunywa maji. Hupata unyevu kutoka kwa nyasi na majani anayokula, pamoja na umande wa alfajiri.

Umande huo hauji kwa bahati. Pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikivusha majahazi kutoka pwani ya Waswahili hadi Arabuni, zinapovuma karibu na Omani husababisha maji baridi ya kina kirefu kuibuka juu ya bahari. Hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji hayo hugeuka kuwa ukungu, ambao husukumwa hadi bara na kulowesha vichaka na migunga ya Jiddat al-Harasis.

Ni katika uwanda huo ambapo jamii ya Waharasis imeishi kwa vizazi vingi ikifuga mbuzi na ngamia. Wana lugha yao, Kiharsusi, ambayo ni ya kundi la lugha za kale za kusini mwa Arabuni. Kwa kuwa uwanda huo haukuwa na maji ya juu ya ardhi, walitegemea sana maziwa ya mifugo yao hadi watafutaji wa mafuta walipochimba visima vya maji huko katika miaka ya 1950.

Kwa hivyo, tangu mwanzo mafuta yaliingia Jiddat al-Harasis yakiwa na sura mbili. Yalileta maji kwa wafugaji, na yakafungua njia ya magari katika nyika ambayo awali ilifikiwa kwa ngamia pekee.

Safari kupitia Isiolo

Magari ndiyo yaliyomwangamiza choroa. Kwa karne nyingi, mwindaji wa Arabuni alimfuata mnyama huyo kwa miguu au juu ya ngamia, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, misafara ya wawindaji ilianza kutumia magari yenye uwezo wa kupita jangwani na bunduki za kisasa. Katika uwanda usio na msitu wala mlima wa kujifichia, choroa hakuwa na pa kukimbilia.

Mnamo 1962, shirika la uhifadhi la Uingereza liliandaa msafara wa kuwakamata choroa wachache waliosalia ili wazaliane mahali salama. Aliyeuongoza ni Meja Ian Grimwood, aliyekuwa wakati huo msimamizi mkuu wa wanyamapori nchini Kenya. Msafara huo ulifanikiwa kuwakamata choroa wanne tu katika eneo la Aden, na mmoja wao akafa.

Watatu waliosalia walisafirishwa kwa ndege hadi Kenya na kutunzwa kwa muda Isiolo, kabla ya kupelekwa katika bustani ya wanyama ya Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako hali ya hewa ni kavu kama ya kwao. Huko waliunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Riyadh, wakawa tisa. Kundi hilo dogo liliitwa Kundi la Dunia.

Mwaka huohuo wa 1962, mafuta yenye faida ya kibiashara yaligunduliwa Yibal, katika jangwa la Omani. Miaka mitano baadaye, mnamo Julai 1967, meli ya kwanza ilipakia mafuta ghafi ya nchi hiyo na kuyapeleka ng'ambo.

Choroa wa mwisho wanaojulikana kuishi porini waliuawa au kukamatwa na wawindaji katika Jiddat al-Harasis mnamo Oktoba 1972. Mwezi uliofuata, mjini Paris, mataifa yalipitisha mkataba wa turathi za ulimwengu.

Mapato ya mafuta yajenga upya

Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mnamo Julai 1970, Omani ilikuwa na shule tatu pekee na barabara chache mno za lami. Mapato ya mafuta yaliigeuza nchi hiyo kwa muda mfupi. Miongoni mwa waliochangia kazi hiyo ni Waomani waliorudi kutoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki wakiwa na elimu, ambao wengi wao waliajiriwa katika ofisi za serikali na sekta ya mafuta. Hii ndiyo sababu Kiswahili kingali kinasikika Maskati hadi leo.

Sehemu ya mapato hayo ilielekezwa kwa mazingira. Mwaka 1976 uwindaji wa choroa na swala ulipigwa marufuku. Mnamo 1980, choroa wa kwanza kutoka Marekani waliwasili katika kituo cha Yalooni, kilichojengwa katika uwanda ambako jamaa zao walikuwa wameangamizwa.

Wanyama hao hawakufunguliwa mara moja. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio ili wazoee ardhi, joto na malisho, na ili wajenge mshikamano wa kundi. Mnamo Januari 31, 1982, choroa kumi walifunguliwa lango na kuingia nyikani.

Vijana wa Kiharasis waliajiriwa kuwa askari wa wanyamapori. Wao waliijua ardhi hiyo na kuweza kufuata nyayo za mnyama kwa siku kadhaa. Mshahara wao, magari yao na mafuta ya magari hayo vililipiwa na serikali ambayo chanzo chake kikuu cha fedha kilikuwa visima vya mafuta.

Mpango huo ulifaulu kiasi cha kusifiwa kote duniani. Mnamo 1994, UNESCO iliitia hifadhi hiyo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 27,500, katika orodha ya turathi za ulimwengu. Kufikia mwaka 1996 kulikuwa na choroa takriban 450 wakirandaranda humo.

Mipaka ya kwenye karatasi

Hata hivyo, wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi hiyo iliingizwa katika orodha kabla ya mipaka yake kuwekwa bayana na kabla ya kuwa na mpango kamili wa usimamizi. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, kamati ya turathi na wataalamu wa muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, waliendelea kuihimiza Omani ikamilishe kazi hiyo.

Wakati huo janga jingine lilikuwa limezuka. Kuanzia mapema mwaka 1996, majangili waliingia hifadhini kuwakamata choroa wakiwa hai. Hawakutaka nyama wala ngozi. Walitaka wanyama wa kuuzwa kwa watu wenye uwezo waliokuwa na mabustani ya kibinafsi nje ya Omani.

Waliolengwa zaidi ni majike, kwa kuwa ndio wenye thamani kwa anayetaka kufuga. Wengi walikufa kwa joto na kihoro walipokuwa wakisafirishwa. Kundi lililobaki lilikuwa na madume mengi na majike machache, hali iliyolifanya lishindwe kujaza pengo kwa kuzaliana.

Kufikia mwaka 2007, idadi ya choroa porini ilikuwa imeshuka hadi 65, na kwa mujibu wa UNESCO ni jozi nne hivi tu zilizokuwa zikizaana.

Ni muhimu jambo hili lieleweke vyema. Mafuta hayakuwaua choroa waliotoweka kati ya 1996 na 2007. Walioangamiza kundi hilo ni majangili na soko lililowanunulia. Lakini hifadhi iliyobaki na wanyama wachache hivyo ilikuwa imepoteza mtetezi wake mkuu. Ilikuwa rahisi zaidi kuuliza: ardhi yote hii inamlinda nani?

Visima vilipoanza kupungua

Swali hilo liliulizwa wakati mbaya. Ikilinganishwa na majirani zake, Omani ina akiba ndogo ya mafuta, na miamba yake ni migumu kuchimbwa. Mwaka 2001 nchi hiyo ilikuwa ikizalisha takriban mapipa 960,000 kwa siku. Kufikia mwaka 2007 kiwango hicho kilikuwa kimeporomoka hadi takriban mapipa 710,000.

Kwa serikali iliyotegemea mafuta kulipia shule, hospitali na mishahara, kushuka huko kulikuwa tishio la kweli. Ilibidi mbinu mpya zitumike katika visima vikuukuu na maeneo mapya yatafutwe. Hifadhi ya choroa ilikuwa katika eneo ambalo wataalamu wa miamba waliamini lina mafuta na gesi.

Huenda msomaji akajiuliza ni madhara gani yanayoweza kuletwa na utafutaji wa mafuta katika jangwa tupu. Kwanza, watafutaji hutumia malori mazito yanayotikisa ardhi ili mawimbi yake yatoe picha ya miamba iliyo chini. Malori hayo hupita katika mistari iliyonyooka kwa kilomita nyingi, yakivunja vichaka na kuacha alama ambazo katika ardhi ya changarawe hudumu kwa miongo kadhaa.

Pili, kila kisima huhitaji barabara, kambi, taa na mabomba. Choroa ni mnyama anayefuata mvua. Ikinyesha upande mmoja wa uwanda, kundi husafiri umbali mrefu kwenda kula nyasi zinazochipuka. Ardhi inapokatwakatwa, mnyama huyo hunyimwa uhuru wa kuhama ambao ndio ngao yake dhidi ya ukame.

Tatu, barabara ya mafuta haichagui mpitaji. Inayompeleka mhandisi kazini asubuhi inaweza kumpitisha jangili usiku.

Omani ilipochora upya mipaka mwaka 2007 na kubakisha sehemu moja tu kati ya kumi, kamati ya UNESCO ilisema hatua hiyo, pamoja na mipango ya kutafuta mafuta, ingeharibu thamani iliyofanya eneo hilo litambuliwe. Kamati haina askari wala mahakama ya kulazimisha serikali. Silaha yake ya mwisho ni kulifuta jina, na ndiyo iliyotumika.

Tangu wakati huo ni maeneo mengine mawili tu ambayo yameondolewa kabisa katika orodha hiyo: bonde la mto Elbe mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 2009, na bandari ya Liverpool, Uingereza, mwaka 2021. Hayo mawili yalifutwa kwa sababu ya ujenzi mijini. Hifadhi ya Omani imesalia kuwa eneo pekee la kimaumbile kukumbwa na hali hiyo.

Maji machafu na matete

Sehemu iliyobaki ilipewa jina la Hifadhi ya Wanyamapori ya Wusta. Leo choroa wanazaliana humo kwa mamia, lakini wengi wako ndani ya uzio. Neno la Kiarabu la mnyama huyo ni maha, na kuna kampuni ya kuuza mafuta nchini humo inayoitwa Al Maha. Kwa dereva wa Maskati, ni rahisi zaidi kukutana na jina hilo kwenye kituo cha petroli kuliko kumwona mwenyewe akiwa huru nyikani.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kusema kwamba Omani iliacha kujali mazingira. Katika eneo la Nimr, kusini mwa nchi, kila pipa moja la mafuta hutoka ardhini likiandamana na mapipa yapatayo kumi ya maji ya chumvi yenye mabaki ya mafuta. Zamani maji hayo yalisukumwa tena chini kabisa kwa mitambo inayotumia umeme mwingi.

Kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010, maji hayo yameelekezwa katika mabwawa makubwa yaliyopandwa matete. Hutiririka yenyewe kwa kufuata mteremko, huku vijidudu vilivyo katika mizizi ya matete vikila mabaki ya mafuta. Zaidi ya mita za ujazo 100,000 husafishwa kila siku, na zaidi ya aina 100 za ndege, wakiwemo wanaohama kati ya Asia na Afrika, wameonekana mahali ambapo awali palikuwa mchanga mtupu.

Kadhalika, katika eneo la Amal, mtambo unaotumia vioo kukusanya joto la jua ulianza mwaka 2017 kutoa mvuke wa kulainisha mafuta mazito yaliyo ardhini, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa kwa kuchoma gesi.

Mafanikio haya ni ya kweli, lakini yanafunua tofauti ambayo mara nyingi hufichika katika mijadala ya maendeleo endelevu. Kusafisha uchafu wa kisima ni jambo moja. Kuacha ardhi bila kisima ni jambo jingine. La kwanza huipunguzia kampuni gharama na huendana na kuzalisha mafuta zaidi. La pili hudai mtu akubali kukosa mapato. Omani imeonyesha ustadi katika la kwanza. Iliposhindwa ni katika la pili.

Ardhi ileile, mahitaji mapya

Kwingineko Arabuni, hadithi ya choroa imekuwa na matumaini zaidi. Mwaka 2011, IUCN ilimwondoa katika kundi la wanyama walio hatarini kuangamia na kumweka katika kundi lenye tishio dogo zaidi, baada ya idadi yake porini kufikia takriban 1,000. Alikuwa mnyama wa kwanza aliyewahi kutoweka kabisa porini kufikia ngazi hiyo.

Mnamo Septemba 2023, UNESCO iliingiza katika orodha yake hifadhi ya Uruq Bani Ma'arid, iliyoko kando ya jangwa kuu la Rub' al Khali nchini Saudia, ambako choroa walirejeshwa katika miaka ya 1990. Saudia ni miongoni mwa mataifa yanayouza mafuta mengi zaidi duniani. Hoja kwamba nchi ya mafuta haiwezi kumwachia mnyama ardhi yake haina mashiko.

Kwa upande wa Omani, mtihani mpya umeanza. Mwaka 2022 nchi hiyo ilitangaza lengo la kumaliza mchango wake katika ongezeko la joto duniani kufikia 2050. Tangu 2023 imekuwa ikitia saini mikataba ya kuzalisha haidrojeni kwa nguvu za jua na upepo, na maeneo yaliyotengwa yako Dhofar na katika mkoa wa Wusta, mkoa wa choroa. Nishati hiyo haichafui hewa, lakini nayo inahitaji ardhi pana iliyo wazi. Ni mipaka iliyowekwa mapema tu itakayoamua ni ipi itakayoguswa na ipi itakayoachwa.

Kwa Afrika Mashariki, somo hili halijachelewa. Mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia 1, na mnamo Agosti 2019 Kenya ikasafirisha shehena yake ya kwanza ya mafuta ghafi kupitia Mombasa. Nchini Uganda, baadhi ya visima vya mradi wa Tilenga vimechimbwa ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Murchison Falls, na bomba la kilomita 1,443 limechorwa kutoka huko hadi Tanga, Tanzania.

Serikali zote hizo zimeahidi kuyalinda mazingira, kama Omani ilivyoahidi. Ahadi kama hizo ni rahisi kutimizwa wakati mapato yanapoongezeka na bei ni nzuri. Kipimo chake huja siku visima vinapoanza kukauka na hazina inapolia njaa. Siku hiyo, mpaka ambao haukuwekwa kisheria, haukuwekewa mpango wa usimamizi na haukuwa na wakazi walioajiriwa kuulinda, hufutwa kwa saini moja.

Choroa watatu waliopitia Isiolo mwaka 1962 waliokolewa kwa sababu kulikuwa na watu waliotenda kabla ya wote kuisha. Walichokosa wajukuu wao wa Jiddat al-Harasis ni ardhi ambayo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuipunguza.